Miwani Isiyokuwepo

Mgeni alifika Jumanne, saa nne asubuhi, wakati karibu darasa langu zima lilikuwa limejazana dirishani. Hatukuwa tukimsubiri mtu yeyote. Jua lilikuwa limetoka, na huku milimani Itambalila, mwezi wa saba, jua likitoka watu huacha kila kitu wakaenda kulipokea.

Gari la posta, lile lisilo na dereva, lilisimama langoni likamteremsha mama mmoja mfupi, mnene, aliyejifunga khanga mbili juu ya koti la mvua. Akatua begi lake. Akautazama ukungu uliokuwa ukipanda kutoka mashamba ya chai, akasema jambo ambalo kwa umbali ule lilionekana kuwa lalamiko. Kisha akainua mkono wa kulia na kusukuma miwani yake juu kwa kifundo cha mkono, si kwa kidole, mara mbili, haraka haraka, kama anayefukuza inzi.

Wanafunzi wangu kumi na mmoja wakafanya vilevile.

Iliwapata kama miayo inavyompata mtu akimwona mwenzake anapiga miayo. Hakuna hata mmoja wao anayevaa miwani. Nilipotaka kuwacheka nikakuta kifundo changu mwenyewe kiko katikati ya nyusi.

“Mwalimu,” alisema Filbert Mwinuka, aliyekuwa dereva wa malori kwa miaka kumi na tisa kabla magari hayajajua kujiendesha, “yule mama ametuibia mtindo wetu.”

“Au ninyi ndio mmemwibia,” alijibu Mama Yuditha Sanga kutoka kwenye dawati lake. Yeye alikuwa wa kumi na mbili, na ndiye pekee ambaye mkono wake haukuinuka. Mikono yake ilikuwa pale inapokaa siku zote, ndani ya makwapa, ikiota joto.

*

Mtindo huo ulitoka kwenye glavu.

Ni nyembamba, za kijivu, na ndani zina nyuzi laini kuliko nywele. Ukizivaa kwa dakika arobaini, nyuzi hizo huipitisha mishipa ya fahamu ya mikono yako katika kazi ambayo mtu mwingine aliwahi kuifanya: kutafuta mshipa wa kuchoma sindano, kushona jeraha, kupapasa tumbo la mjamzito. Ukizivua, mikono yako inaamini imeifanya kazi hiyo mara elfu nne. Watu wanaiita mikono ya kuazima. Kwa glavu hizi, zahanati za milimani zilizokaa miaka bila muuguzi zilipata wauguzi ndani ya mwaka mmoja. Mimi mwenyewe nilivaa nikiwa chuo kikuu, na mtoto wa kwanza niliyempokea alilia vizuri, kwa nguvu, na mimi nikalia pamoja naye. Sina ugomvi na glavu.

Ila njia ya fahamu ni kama mfereji wa shambani. Ukiwa mkavu, maji mapya yanajaa bila kumsumbua mtu. Ukiwa tayari una maji, yale ya zamani yanasukumwa nje, na hayarudi.

Wanafunzi kumi na mmoja walikuja na mifereji mikavu. Mama Yuditha alikuja na miaka thelathini na moja. Alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijijini kwao, Ilundamila, na kwa miaka hiyo yote yeye ndiye aliyepokea watoto pale, kwanza kwa sababu mkunga alichelewa, baadaye kwa sababu mkunga hakuwepo kabisa. Sasa kanuni ilikuwa imetoka: asiye na cheti asimguse mama mjamzito. Bila cheti angerudi kupiga deki, na wanawake wa Ilundamila wangeshuka mlima kilomita ishirini na nane kutafuta mtu.

Wiki ya kwanza alinyoosha kidole darasani. “Mwalimu Tusekile, mmetuambia hizi glavu zitatupa nini. Zitachukua nini?”

Nilitafuta kwenye mwongozo. Una kurasa mia mbili juu ya kile zinachotoa. Juu ya kile zinachochukua hauna hata mstari mmoja. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane tu iliyopita, na kichwa changu kilikuwa bado kimejaa yale niliyoyaandika kwenye tasnifu: kwamba mtu mzima haji darasani mtupu kama debe; kwamba anataka kujua kwa nini kabla ya vipi; kwamba ukimnyang’anya heshima yake mlangoni, hatajifunza kitu ndani. Ni rahisi kuyaandika. Nikamwambia, “Mama, hazitagusa mikono yako kabla hujajibiwa. Na ukijibiwa ukasema hapana, nitaandika hapana.”

Sikujua kwamba neno hilo moja lilikuwa na bei. Nilikuja kujua baadaye, niliposoma masharti ya nafasi ya Dodoma, ile ya shahada ya pili niliyoiomba mara mbili na safari hii nikakaribia kuipata. Mama yangu alikuwa ameshaitangaza kanisani. Masharti yalisema: mwalimu ambaye darasa lake lote, bila upungufu, limevishwa glavu na kufaulu ifikapo Ijumaa saa sita mchana.

*

“Naitwa Mwanaidi Shekilindi,” mgeni alimwambia mkuu wetu wa chuo, Mzee Mgaya, akiwa ameshikilia kikombe cha chai kwa mikono miwili kama anayeogopa kitatoroka. “Nimetoka Tanga. Nimekuja kusoma.”

“Kusoma nini, mama? Muhula unaisha Ijumaa.”

“Kusoma kufundisha.” Akasukuma miwani. Mkono wangu ukatikisika, nikauzuia. “Miaka kumi na miwili iliyopita vijana walikuja na mashine zao, wakanivisha glavu, wakaniambia fanya kazi zako za ukunga kama kawaida. Nikafanya. Nikapewa cheti na keki.”

Mzee Mgaya alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama mikono yangu.

“Kumbe ni wewe,” nilisema.

“Ni mimi, mwanangu. Wameniambia nchi nzima inasukuma miwani yangu.” Akacheka mpaka chai ikamwagika. “Mashine haikujua kutofautisha kazi na miwani inayoteleza kwa jasho. Imerekodi yote.”

Nilimuuliza kwa nini amekuja kwetu, chuo kidogo kisicho hata na lami mlangoni.

“Nimestaafu. Wasichana wanakuja nyumbani, wananiuliza, ‘Bi Mwanaidi, hapa unafanyaje?’ Nawaonyesha. Wananiuliza, ‘Kwa nini?’ Nasema, ‘Ndivyo.’ Wallahi sina jibu jingine. Mikono inajua, mdomo haujui. Basi nikatafuta nani anafundisha watu wazima, nikakuta kijitabu chako kwenye mtandao wa wizara.”

“Tasnifu yangu?” Uso uliniwaka. “Imesomwa na watu wanne. Mmoja ni mama yangu.”

“Mimi ndiye wa nne.”

Nilimweleza basi swali la Mama Yuditha, nikijua kwamba kama kuna mtu duniani wa kulijibu, ndiye huyu aliyekaa mbele yangu na khanga mbili. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi silijui jibu,” alisema. “Lakini nipeleke kwake. Tukikaa wawili tusiojua kusema, huenda wewe ukatusemesha.”

*

Jumatano tulipanga viti kwa duara. Ezelina, mpishi wa chuo, mwenye mimba ya wiki thelathini na nne, alikubali kutukopesha tumbo lake kwa sharti kwamba mchana huo maharage yachambuliwe na wanafunzi. Alijilaza kitandani akiwa anacheka kabla hajaguswa. Kando yake niliiweka skana ya mkononi, nikaifunika kwa kitambaa: ingetuambia ukweli baadaye, si kabla.

Filbert alitangulia. Ilipendeza kumtazama. Vile vidole vinene vilivyozoea usukani vilitembea juu ya tumbo kwa ustadi wa mkunga wa miaka arobaini.

“Weee!” Ezelina alipiga kelele. “Mikono gani hiyo? Umetoka kuchimba viazi?”

“Pole, dada. Kichwa kiko chini,” Filbert alisema, akasukuma miwani isiyokuwepo.

Wengine kumi wakapapasa, Ezelina akaruka mara kumi. Wote walisema kichwa kiko chini. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa pembeni akiangalia mikono yake mwenyewe ikifanya kazi kwenye miili ya watu wengine. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayehesabu tasbihi.

Zamu ya Mama Yuditha ilipofika, hakwenda kitandani. Alikwenda jikoni. Alirudi na kikombe cha uji wa moto, akakaa kwenye kigoda kando ya Ezelina, akakifumbata.

“Mama mkwe hajambo?” aliuliza.

“Hajambo. Ameshaanza kuchagua jina.”

“Wakwe! Wangu alichagua la baba yake. Mtoto akazaliwa wa kike.”

“Ikawaje?”

“Akaitwa hivyohivyo. Hadi leo anaitwa Yeremia.”

Ezelina alicheka, akashusha pumzi. Dakika mbili, tatu. Filbert alinikonyeza kwamba muda unakwenda. Ndipo Mama Yuditha akaweka kikombe chini na kulaza viganja vyake juu ya tumbo, akavitua kama mtu anayefunika chungu. Ezelina hakushtuka. Mama Yuditha alifumba macho.

“Huyu amekaa kitako,” alisema. “Kichwa kiko huku juu, chini ya mbavu. Na anapenda uji, maana ameanza kuhangaika.”

Nikafunua skana. Kwenye kioo chake kichwa cha mtoto kilionekana, cha mviringo, chini ya mbavu za mama yake, mahali hasa palipotajwa.

Vurugu iliyofuata siwezi kuieleza sawasawa. Kuna aliyepiga vigelegele. Filbert alipiga magoti mbele ya Mama Yuditha akaomba uanafunzi. Ezelina aliuliza kwa hofu kama ni jambo baya. “Una wiki sita, mwanangu,” Mama Yuditha alimwambia. “Huenda akageuka mwenyewe. Asipogeuka, utajifungulia hospitali ya wilaya na wala si kosa lako. Ubaya ni kutokujua.”

Wakatulia. Nikawageukia Mama Yuditha na Bi Mwanaidi.

“Mama Yuditha, kwa nini kikombe?”

“Si kuna baridi?”

“Baridi yako au ya Ezelina?”

Alifikiri. “Yake.”

“Akipata baridi, nini kinatokea?”

“Anashtuka.”

“Tumbo nalo?”

“Linakaza. Likikaza…” Akasita. Nilimwona anapekua ndani yake, kama anayetafuta ufunguo chini ya kapu. “Likikaza, kitako na kichwa vinafanana. Vyote vinakuwa vigumu. Likilegea, kichwa kinacheza peke yake kama embe ndani ya mfuko, kitako kinaburuta mgongo. Loo! Miaka thelathini na moja sijawahi kulisema hilo!”

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama. “Mimi sikuwahi kupasha mikono moto,” alisema polepole. “Tanga! Nani apashe mikono Tanga? Siku waliponirekodi nilikuwa nadondosha jasho. Wamechukua mikono ya joto wakaileta kwenye baridi, na hakuna aliyejua kwamba joto lilikuwa sehemu ya kazi.” Akamgeukia Mama Yuditha. “Umeuliza zitachukua nini, mwenzangu. Zitachukua kikombe. Na huo utulivu wa vidole baada ya kikombe. Mikono yangu haikuhitaji kusubiri, basi haitakuruhusu kusubiri.”

“Na sisi je?” Filbert aliuliza. Uso wake ulikuwa umesawijika. “Sisi ndio tumeharibika?”

“Leta uji,” nilimwambia.

Alifumbata kikombe kwa dakika tatu huku akimsimulia Ezelina habari za lori lililowahi kumwacha porini na shehena ya nyanya. Kisha akapapasa tena, taratibu, Mama Yuditha akiwa amelaza mkono juu ya mkono wake. Nilikuwa natazama uso wake. Alifumbua macho ghafla.

“Kinacheza,” alinong’ona. “Mama, kinacheza!”

Mikono ya kuazima nayo ilikuwa inaweza kujifunza. Maharage ya siku hiyo yaliungua na hakuna aliyejali.

*

Alhamisi tuliwaingiza wanafunzi kwenye chumba cha kidoli. Kidoli cha mtihani kina ngozi, joto na pumzi, na kila unapokigusa kinalinganisha mkono wako na rekodi iliyomo ndani yake. Kinahitaji alama themanini. Wale kumi na mmoja walipata tisini na tano, tisini na saba, kwa njia ya glavu. Mama Yuditha, kwa mikono mitupu, alipata hamsini na nane. Kwenye kioo paliandikwa: kusitasita kabla ya kugusa.

“Hicho ndicho kikombe,” alisema, bila hasira.

Bi Mwanaidi akavua koti. “Hebu nami nijaribu.”

Mzee Mgaya alitaka kupinga, akaacha. Bi Mwanaidi alikipapasa kidoli kwa utulivu mkubwa, akamaliza, akasukuma miwani. Sote tuliovaa glavu tukasukuma. Kioo kikafikiri kidogo.

Sitini na tatu. Hajafaulu.

Alilisoma jibu hilo mara mbili kama anayesoma barua ya kosa la mtu mwingine, kisha akaangua kicheko kilichomlazimu kushika ukuta. “Nimefeli! Jamani, nimefeli mtihani wa mikono yangu!” Machozi yalimtiririka chini ya miwani. “Baada ya kurekodiwa nilifanya kazi miaka kumi zaidi. Nilijifunza mambo. Mashine imebaki na mimi wa zamani!”

Mzee Mgaya alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa. Alikuwa mtu mwema, mwenye hofu ya kawaida ya wakuu wa vyuo. Aliomba kitabu cha kanuni, akafungua ukurasa ambao, nadhani, haukuwahi kufunguliwa na mtu.

“Kipengele cha kumi na tisa,” alisoma. “Mwanafunzi asiyevishwa glavu anaweza kupimwa mbele ya mashahidi watatu wenye leseni, kwa mama halisi. Akifaulu, cheti ni kilekile.” Akanitazama juu ya karatasi. “Mimi nina leseni. Wewe unayo. Bi Mwanaidi anayo. Na jana sote tuliona.”

“Wewe hukuwepo jana, Mzee.”

“Nilikuwa dirishani. Mngenisikia ninyi mlivyokuwa mnapiga kelele?” Akakohoa. “Lakini fomu ina swali, binti: Je, mwanafunzi amevishwa glavu? Anajibu mwalimu wake. Ukijibu hapana kwa mmoja, darasa lako si kamili, na Dodoma…”

“Najua.”

*

Ijumaa saa tano na nusu nilikuwa ofisini na fomu kumi na mbili. Kumi na moja nilikwisha kuzijaza. Mlango ukafunguliwa, Mama Yuditha akaingia akiwa amevaa nguo yake ya kanisani, akaweka mikono yote miwili mezani, viganja juu.

“Nivishe, mwanangu.”

“Mama?”

“Dakika arobaini hazitoshi kabla ya saa sita? Basi nivishe sasa, tuchelewe kidogo. Mzee Mgaya ameniambia habari za Dodoma. Mama yako ameshatangaza kanisani. Unadhani nitaweza kumtazama mama yako?”

Niliitazama ile mikono. Ilikuwa na makovu madogo ya sindano na ufa mmoja mrefu kwenye kidole gumba, ufa wa sabuni na baridi. Sitaficha: nilizitazama glavu pia. Zilikuwa kabatini, umbali wa hatua nne. Mwanamke mzima alikuwa amekuja kwa miguu yake na kusema ndiyo, na ndiyo yake ingenipeleka mahali nilipopaota tangu nikiwa sekondari. Nani angenilaumu?

“Mama, nikuulize swali moja.”

“Nyie walimu kwa maswali!”

“Kama usingesikia habari za Dodoma, leo ungesema nini?”

Aliangalia dirishani. Huko nje Filbert na wenzake walikuwa wamemzunguka Bi Mwanaidi uani, kila mmoja na kikombe, yeye akijaribu kuwaeleza jambo kwa mdomo, akikwama, akipiga paja, akijaribu tena. Ezelina alikuwa akiwamiminia uji na kuwakaripia kwamba sukari itakwisha.

“Ningesema hapana,” alisema kwa sauti ndogo.

“Basi nimekusikia.”

“Tusekile, mwanangu…”

“Nilikuahidi, Mama. Na darasa lijalo nataka uje ufundishe kikombe. Mimi nitakaa kwenye kigoda.”

Alitoka, nikadhani amekasirika. Akarudi na uji, akaniweka kikombe mikononi na kuikunja mikono yangu juu yake, kwa sababu, alisema, mtu haandiki kitu cha maana kwa mikono ya baridi. Alisimama pale akasubiri nami. Dakika mbili. Tatu.

Kisha nikaweka kikombe chini, nikavuta fomu ya kumi na mbili, na mbele ya swali lile nikaandika, kwa herufi kubwa na safi: HAPANA.

Kifundo changu kikapanda chenyewe kusukuma miwani nisiyokuwa nayo. Mama Yuditha alicheka mpaka akakaa chini.